Kompyuta na Vikundi Vyetu: Tupange Yote Mwanzoni au Twende kwa Mizunguko?

Ifuatayo ni hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi, aliyoitoa kwa niaba ya ofisi yake katika semina ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa iliyofanyika Maganzo, wilayani Kishapu. Tumeichapa kwa faida ya wasomaji wetu wa maeneo mengine.



Ofisi ya miradi imekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kukiri kosa. La pili ni kuomba uamuzi wenu juu ya fedha iliyobaki katika mradi wa kompyuta wa vikundi. Katikati ya hayo mawili tutaeleza njia mbili ambazo wataalamu duniani hutumia kutengeneza programu za kompyuta, kwa sababu kosa letu lilitokana na kuchagua njia moja bila kujua kwamba iko nyingine.

Yaliyotupata

Kama mnavyokumbuka, tulipata msaada wa kutengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za vikundi. Lengo lilikuwa jema. Madaftari yanaliwa na mchwa, yanalowa mvua, na katibu akihama hesabu huhama naye. Tulitangaza kazi, tukampata mtaalamu kutoka mjini. Alikaa nasi siku chache, akawahoji watu wa ofisini kwetu, akaandika waraka mnene wa mahitaji. Tuliusoma, tukautia saini na kuupiga muhuri. Baada ya hapo hatukumwona kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuwa mvivu. Kila awamu ya malipo ilipofika alileta taarifa, nasi tulilipa.

Aliporudi alileta programu iliyofanana kabisa na waraka tuliousaini. Tatizo lilikuwa kwamba waraka wenyewe haukufanana na maisha ya vikundi. Programu ilitaka umeme na intaneti muda wote, wakati vikundi vingi hukutana chini ya mti. Ilitaka kila mwanachama awe na namba yake ya simu, wakati akina mama wengi hutumia simu ya mume au ya binti. Tena ilidhani kwamba kila mkopo hurejeshwa kwa mafungu yaliyo sawa kila mwezi. Ninyi mnajua kwamba hapa kwetu mtu hurejesha pamba ikinunuliwa, mbuzi akiuzwa mnadani, au jiwe likipatikana.

Katika mwezi wa tatu wa matumizi, programu ilichapa orodha ya wadaiwa sugu. Ndani yake kulikuwa na jina la mama mmoja ambaye kikundi chake kilikuwa kimekubaliana naye kwamba atarejesha baada ya msimu wa pamba. Kwa hesabu ya kikundi hakuwa na deni lililochelewa hata siku moja. Kwa hesabu ya mashine alikuwa amekosa miezi mitatu. Orodha ile ilisomwa hadharani na ofisa wetu, mbele ya majirani na mawifi zake. Tulipokwenda kumwomba radhi alitupokea vizuri, akatupa viti, akasema yamekwisha. Lakini kikundini hajarudi.

Hilo ndilo tunalolikiri. Theluthi mbili ya fedha imetumika, theluthi moja imebaki, na programu haitumiki. Hatumlaumu mtaalamu, kwa kuwa alitengeneza tulichokiandika. Kosa ni letu sisi tulioandika bila kuwauliza wenye vikundi.

Njia ya kwanza: hatua kwa hatua

Njia tuliyoifuata huitwa na wataalamu maporomoko ya maji. Kazi hugawanywa katika hatua: kuandika mahitaji, kuchora usanifu, kuandika programu, kuijaribu, kuisimika na kuitunza. Hatua moja hufungwa ndipo inayofuata ifunguliwe, kama maji yanavyoshuka kutoka mwamba hadi mwamba bila kurudi juu. Ni njia inayofanana na ujenzi wa nyumba. Huwezi kupaua kabla ya kuta, wala kusimamisha kuta kabla ya msingi.

Watu wengi hutaja makala aliyoiandika mhandisi wa Marekani, Winston Royce, mwaka 1970, kuwa chanzo cha njia hii. Ndani yake kuna mchoro wa visanduku vinavyoshuka kimoja baada ya kingine, na mchoro huo umenakiliwa katika vitabu vingi. Jambo la kushangaza ni kwamba katika makala hiyohiyo Royce alionya kwamba kazi ikifuatwa hivyo tu ni ya hatari, kwa sababu majaribio huja mwishoni, wakati makosa yamekwisha kuwa ghali. Alishauri kitu kitengenezwe mara mbili, mara ya kwanza kikiwa cha majaribio, na mteja ahusishwe tangu mapema. Wengi walichukua mchoro wakaacha onyo, na sisi tumo miongoni mwao.

Hata hivyo tusiidharau njia hii. Mfadhili anapouliza mtafanya nini, lini na kwa shilingi ngapi, ndiyo inayojibu. Mkaguzi wa hesabu anaielewa. Mkataba wake ni rahisi kuandika. Tena huacha maandishi, hivyo mtaalamu akiondoka mwingine anaweza kusoma na kuendelea. Kwetu hilo si dogo, maana vijana wanaojua kompyuta hawakai sana. Leo yuko hapa, kesho amepata kazi Mwanza au Dar es Salaam.

Udhaifu wake mkubwa ni mmoja. Mtumiaji hukiona kitu siku ya mwisho, fedha ikiwa imekwisha. Na hili si la maskini peke yao. Mwaka 2002 Uingereza ilianzisha mpango mkubwa sana wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima kwenye kompyuta. Mikataba iliandaliwa kutoka juu na kampuni kubwa zikapewa kazi. Septemba 2011 serikali ilitangaza kuuvunja mpango huo, baada ya mabilioni ya paundi kutumika. Baadhi ya sehemu zake ziliendelea kutumika, lakini lengo kuu halikufikiwa. Moja ya lawama zilizotolewa ni kwamba madaktari na wauguzi hawakushirikishwa vya kutosha.

Njia ya pili: mizunguko mifupi

Mwezi Februari 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana katika hoteli moja ya milimani, jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayomaliza karatasi kabla ya kumaliza kazi. Walitoa tamko fupi. Hawakusema kwamba mipango, mikataba na nyaraka havina maana. Walichosema ni kwamba kuna vitu vinavyopaswa kutangulia: mazungumzo ya watu, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja, na utayari wa kubadilika. Jina walilolichagua kwa Kiingereza lina maana ya mwepesi wa kugeuka. Baadhi ya watu kwa Kiswahili husema mbinu nyumbufu. Sisi leo tutasema mizunguko mifupi, maana ndivyo inavyokwenda.

Utaratibu wake ni huu. Mahitaji yote huandikwa katika orodha moja, yale ya lazima yakiwa juu. Watengenezaji huchukua machache ya juu na kuyafanyia kazi kwa muda mfupi, mara nyingi wiki moja hadi nne. Muda ukiisha huonyesha kitu kinachofanya kazi, hata kama ni kidogo. Wenye kukitumia hukishika, hukijaribu na kusema ukweli. Orodha hupangwa upya kutokana na yale yaliyosemwa, kisha mzunguko mwingine huanza. Pia timu hukaa na kujiuliza yenyewe: tumefanya nini vibaya, na safari ijayo turekebishe nini?

Ninyi watu wa Maganzo hamhitaji mwalimu wa jambo hili. Mchimbaji mdogo wa almasi hachimbi mchanga mwaka mzima akaurundika, ndipo siku moja aanze kuchekecha. Huchimba kidogo, huchekecha, huangalia, kisha huamua aendelee hapo au asogee. Akikosea amepoteza siku chache, hajapoteza msimu.

Nayo njia hii ina udhaifu wake. Haisemi kwa uhakika kazi itakwisha lini, hivyo wahasibu hawaipendi. Kama hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusema hiki kwanza na kile baadaye, kila mkutano huleta matakwa mapya na kazi haina mwisho. Na wapo wanaoitumia kama kisingizio cha kutoandika chochote. Hao si wepesi wa kugeuka, ni watu wasio na mpango.

Mfano tunaoushika mkononi kila siku

Nani hapa hana M-Pesa au mitandao inayofanana nayo? Hebu tutazame ilikotoka, maana ilianza na watu kama sisi, yaani wakopaji wadogo.

Kampuni ya Vodafone ya Uingereza, kwa msaada wa fedha wa serikali ya Uingereza, ilitaka kurahisisha mikopo midogo nchini Kenya. Ikishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, ilianza majaribio Oktoba 2005 kwa wateja wachache wa Nairobi na Thika. Lengo la awali halikuwa kutumiana fedha. Lilikuwa kwamba mkopaji apokee mkopo wake na kuurejesha kwa simu.

Waliokuwa wakisimamia majaribio walikaa karibu na watumiaji na kutazama wanachofanya. Wakaona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wapo waliolipa mikopo ya wenzao kama malipo ya huduma. Wapo waliotumia simu kulipana wao kwa wao katika biashara. Wapo walioweka fedha kabla ya kusafiri na kuitoa walipofika, ili wasiibiwe njiani. Wengine waliwatumia ndugu zao wa mbali. Wakati huohuo, ile kazi iliyokusudiwa ilikuwa nzito, maana kulinganisha hesabu za simu na vitabu vya taasisi ya mikopo kulisumbua sana.

Kama wangeshikilia waraka wa kwanza, wangetengeneza programu nzuri ya kurejesha mikopo na huenda leo tusingeijua. Walikubali kubadili. Mwezi Machi 2007 huduma ilizinduliwa Kenya nzima kwa ujumbe mmoja rahisi: tuma fedha nyumbani. Mwaka haukuisha kabla wateja hawajazidi milioni moja.

Somo halikuishia hapo. Mwaka 2008 Vodacom ilianzisha huduma hiyo hapa Tanzania. Wengi walidhani kilichofaulu Nairobi kitafaulu Shinyanga kwa kasi ileile. Haikuwa hivyo. Hapa ilianza polepole, kwa kuwa nchi yetu ni pana, watu wametawanyika, na mawakala walihitaji kupatikana na kupangwa kwa namna nyingine. Mpango uliokamilika kwa jirani si lazima uwe umekamilika kwako.

Mfano wa Zanzibar

Mfano wa pili ni wa afya, na unatufaa kwa sababu hauhusu kampuni yenye fedha nyingi. Wote mnayajua madaftari ya MTUHA katika zahanati zetu. Taarifa zake siku hizi huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huu ulikuzwa na mtandao wa wataalamu unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ukiwa umeanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na leo hutumika katika nchi nyingi, zikiwemo Tanzania na Kenya.

Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2005, walifanya jambo la busara. Badala ya kusimika mfumo na kuondoka, waliwakusanya watumishi wa afya wa wilaya kila robo mwaka katika warsha. Kila wilaya ilileta takwimu zake yenyewe, ikazisimamia mbele ya wenzake, na kuulizwa maswali. Mwanzoni takwimu zilikuwa na makosa mengi. Lakini mtu anapojua kwamba baada ya miezi mitatu atasimama mbele ya wenzake na namba zake, huanza kuzitunza. Na pale ilipoonekana kwamba fomu inauliza jambo lisilo na faida, au haiulizi jambo la muhimu, fomu zilirekebishwa. Programu, fomu na watu vilikua pamoja.

Angalieni kwamba mzunguko wao haukuwa wa wiki mbili. Ulikuwa wa miezi mitatu. Lenye maana ni kuwa na siku inayojulikana ambapo mtumiaji husema na mtengenezaji husikiliza, na kwamba siku hiyo hurudi tena na tena.

Si kila kitu ni cha kujaribu

Sasa mtu atasema, basi tuache mipango, twende kwa mizunguko tu. Tunaomba tusifike huko. Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama asije akachekwa. Kuna mambo ambayo ni lazima yakamilike kabla ya kuanza.

Hapa Maganzo tunaishi jirani na mgodi wa Mwadui. Bwawa la tope la mgodi huo lilipobomoka Novemba 7, 2022, tope liliingia katika mashamba na makazi ya majirani zetu. Hatuko hapa kuzungumzia chanzo chake. Tunachosema ni kwamba ukuta wa bwawa haujengwi kwa kujaribu na kurekebisha, maana walio chini yake hawapewi mzunguko wa pili. Vivyo hivyo mchimbaji wa dhahabu kule Geita anayeshuka kwenye duara hatangulii kuchimba ndipo afikirie magogo ya kuzuia kuta.

Katika programu ya vikundi, ukuta wa bwawa ni vitu vitatu. Cha kwanza ni hesabu yenyewe ya fedha. Cha pili ni siri za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatutaka tulinde majina, namba na habari za watu tunazozikusanya. Jina la yule mama lisingepaswa kusomwa hadharani hata kama deni lingekuwa la kweli. Cha tatu ni wajibu wa vikundi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inavitaka vikundi vya kijamii kusajiliwa. Mambo haya huandikwa, hukaguliwa na kufungwa kabla ya mzunguko wa kwanza.

Hili tumelijifunza kwa jasho. Baada ya programu ya kwanza kushindikana, tulijaribu na kikundi kimoja, tukisaidiwa na kijana wa usharika anayesomea kompyuta aliyekuwa likizo. Mzunguko wa kwanza ulihusu mahudhurio na hisa tu. Katibu alicheka. Mashine ilimwuliza shilingi ngapi, wakati yeye huhesabu mihuri kwenye kitabu cha mwanachama, na mtu haruhusiwi kuzidisha mihuri mitano kwa mkutano mmoja. Wiki mbili baadaye mashine iliuliza mihuri. Mzunguko wa pili ulihusu mikopo, na tarehe ya kurejesha ikawa ile iliyokubaliwa na kikundi. Mzunguko wa tatu uliwezesha kuandika bila mtandao na kutuma baadaye, pale katibu atakapofika penye mtandao.

Hadi hapo tulifurahi mno. Katika mzunguko wa nne tukabadili mpangilio wa mfuko wa jamii wakati kikundi kikiwa katikati ya hesabu za mwaka. Siku ya mkutano jumla ya kwenye simu haikulingana na fedha ya kwenye sanduku. Wenye funguo tatu walifungua sanduku, tukahesabu noti na sarafu hadi giza likaingia, taa ikiwa ya simu. Hakuna fedha iliyopotea. Ni sisi tuliokuwa tumehamisha namba kutoka safu moja kwenda nyingine. Lakini kwa saa tatu watu wema walitazamana kwa mashaka. Tangu siku ile tumekubaliana kwamba sura ya programu inaweza kubadilika kila wiki mbili, bali daftari la fedha halibadiliki mpaka mgao wa mwaka ufanyike.

Njia ya pili inatudai nini

Ndugu zangu, watu husema njia ya mizunguko ni rahisi. Kwa mtengenezaji pengine. Kwa wenye mali ni ngumu zaidi. Njia ya kwanza ilitutaka tusaini mara moja kisha tulale. Hii ya pili inamtaka katibu aje kila wiki mbili, mvua au jua. Inamtaka aseme ukweli mbele ya watu wenye digrii, nasi tunajua desturi yetu. Mgeni akileta kitu tunasema ni kizuri, tunapiga makofi, tunampa kuku, tukibaki wenyewe ndipo tunasema kimetushinda. Heshima ya namna hiyo imetugharimu theluthi mbili ya fedha ya mradi.

Inatudai na sisi wa ofisini. Tunapaswa kumweleza mfadhili mapema kwamba hatutaahidi orodha ndefu ya vitu, bali tutaahidi tarehe za kuonyesha na kiasi cha fedha kisichozidi. Tunapaswa kuandika mkataba unaolipa kwa kile kilichokubaliwa na kikundi, si kwa taarifa iliyopendeza mezani kwetu. Na tunapaswa kuvumilia kuambiwa tumekosea, mara nyingi, na watu tuliodhani tumekuja kuwafundisha.

Tunachopendekeza

Kwa hiyo hatuji kuwaambia kwamba njia moja ni ya zamani na mbaya, na nyingine ni ya kisasa na nzuri. Tofauti kubwa tuliyoiona ni hii: mwenye kukitumia kitu anapata lini nafasi ya kusema hapana? Akiipata fedha ikiwa imekwisha, hapana yake ni malalamiko. Akiipata mapema, hapana yake ni msaada.

Tunawaombeni mjadili na kuamua juu ya mapendekezo haya:

1. Theluthi ya fedha iliyobaki isitumike kuirekebisha programu ya kwanza yote kwa mkupuo.

2. Mwezi wa kwanza utumike kwa njia ya hatua kwa hatua. Tuandike kanuni za hesabu, ulinzi wa siri na matakwa ya sheria. Zisomwe kwa Kiswahili mbele ya wawakilishi wa vikundi, na Kisukuma kitumike panapohitajika. Zisainiwe na makatibu kabla ya sisi kusaini.

3. Kazi iliyobaki ifanywe kwa mizunguko ya wiki mbili mbili, kwa vikundi vitatu tu kwanza: cha wakulima, cha wachimbaji na cha wafanyabiashara wa sokoni.

4. Kila kikundi kichague mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hiki kwanza na kile baadaye. Mtu huyo asiwe mtumishi wa ofisi yetu, na alipwe nauli na posho ya siku anayoacha shughuli zake.

5. Kila mzunguko uache ukurasa mmoja wa maandishi: kilichobadilika, sababu yake, na aliyeamua.

6. Mizunguko miwili ikipita mfululizo bila vikundi kuona faida, kazi isimame na fedha iliyobaki irudi kwenu mwamue upya. Daftari zuri lenye jalada gumu na sanduku la bati lisiloingia mchwa ni bora kuliko kompyuta isiyosema kweli.

Mtaona kwamba pendekezo la mwisho linaweza kuifuta kazi yetu wenyewe. Tumeliweka kwa makusudi. Mradi wa kwanza haukuwa na mahali popote pa kusimama, hivyo uliendelea mpaka ukagonga mtu.

Tunamalizia na yule mama. Kikundi chake ni kimoja kati ya vile tunavyoomba vianze. Katibu wake ametuambia kwamba mkopo wa mtu anayengoja pamba hauna sababu ya kuitwa deni sugu, wao huuita mkopo wa msimu. Neno hilo halikuwa katika waraka wetu mnene, na kulipata kulihitaji swali moja tu kwa mtu anayejua. Ndilo litakalokuwa la kwanza katika orodha mpya, kama mtakubali. Programu ikiwa tayari kuonyeshwa, simu itakuwa mkononi mwa katibu chini ya mti wao, nasi tutakaa pembeni tukiandika. Pengine na yeye atapita kuangalia.

Sasa ni zamu yenu kusema, na tafadhali msitupigie makofi kabla ya kutuambia tulipokosea.